Kuona nyangumi Juneau kwa mpango wako mwenyewe, na kuiwahi meli

Mimi ni mstaafu wa reli. Nimekuwa mkuu wa stesheni huku Reli ya Kati, Dodoma na vituo vidogo vya upande wa Manyoni, na abiria ninaowakumbuka kuliko wote ni wale walioshuka Saranda kununua kuku wakabaki na kuku mkononi, treni hiyoo inaishia. Kwa hiyo binti yetu anayeishi Seattle alipotukatia mimi na mama yake tiketi ya meli ya kitalii ya kwenda Alaska, wenzangu wa kijiweni Makole walitaka kujua habari za baridi na chakula. Mimi niliomba ratiba.

Tangu turudi, wazazi wengine wenye watoto huko Marekani wamekuwa wakinipigia simu, na wengi wanauliza jambo moja: ile safari ya boti ya kwenda kuangalia nyangumi meli inapotia gati Juneau, tuinunue humo humo melini au tujitafutie wenyewe? Jitafutieni. Lakini pangeni kwa kuanzia saa ya meli kuondoka, mrudi nyuma. Wengi huanzia saa ya kufika wakaenda mbele, na hao ndio niliokuwa nikiwaandikia ripoti.

Tofauti yenyewe ni hii. Safari ya melini mara nyingi ni ghali zaidi na boti hujaa watu, ila kama boti imechelewa, meli inawasubiri, kwa sababu safari ni ya kwao. Ukijitafutia, unaweza kupata boti ndogo zaidi, kwa bei nzuri zaidi, na nahodha anayezungumza nawe. Ila meli haikujui. Saa ikifika wanafungua kamba.

Na Juneau si mahali pa kuachwa. Ni makao makuu ya jimbo la Alaska, lakini hakuna barabara inayouunganisha mji huo na miji mingine. Unafika kwa ndege au kwa maji, basi. Sisi wa Dodoma tunaweza kuwaelewa: TANU iliamua makao makuu yahamie kwetu mwaka 1973, na wao mwaka 1974 walipiga kura kuyahamisha ya kwao kutoka Juneau. Mwaka 1976 wakachagua mahali panapoitwa Willow. Ilipofika 1982 wapiga kura wakaangalia gharama, wakakataa. Sisi tulihama, pole pole lakini tulihama. Wao bado wako kule kule, mlima nyuma na maji mbele.

Karatasi kwanza

Hili nalipita haraka, ila usilipuuze. Meli kubwa za kitalii zinazotoka Seattle karibu zote zimesajiliwa nje ya Marekani, na sheria yao ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya namna hiyo kuzungusha abiria bandari za Marekani tupu. Ndiyo maana hupita Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Kanada pia, hata asiposhuka kununua kitu, na viza yake ya Marekani iwe inamruhusu kuingia tena. Sisi tulishughulikia zote Dar es Salaam, tukipanda SGR ya asubuhi na kurudi jioni, jambo ambalo enzi zangu ningemcheka mtu aliyeniambia. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo sikiliza ubalozi, usinisikilize mimi wala jirani.

Saa tatu tofauti

Unakuwa na saa ya nyumbani, saa ya Juneau na saa ya meli. Wakati wa kiangazi Juneau iko nyuma ya Dodoma kwa saa 11, na nyuma ya Seattle kwa saa 1. Meli kwa kawaida hurudisha saa yake usiku mmoja kabla ya kufika na kuwatangazia abiria, lakini si lazima ifanye hivyo, na simu yako inaweza kujibadilisha yenyewe au ikagoma. Vaa saa ya mkononi. Itegeshe kwa saa ya meli, maana ndiyo itakayokuacha, kisha mwulize mwenye boti yeye anatumia saa ipi.

Andika kila kitu kwa mtindo wa reli, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Mtoto akikutumia ujumbe kwamba boti ni 3:00, wewe mzee wa Dodoma utaamka uende saa 3 asubuhi, wakati boti ni 15:00, saa 9 alasiri.

Karatasi yangu ya penseli

Meli yetu ilipangiwa kutia gati 13:30 na kuondoka 22:00. Nilichukua karatasi nikaanzia chini.

Chini kabisa: 22:00, kuondoka. Juu yake 21:30, mwisho wa kupanda, kwa sababu ngazi huondolewa mapema. Meli nyingi hutaka abiria wawe ndani nusu saa kabla, nyingine saa nzima, na saa hiyo huandikwa kwenye gazeti la kila siku la melini na mlangoni unapotokea. Juu yake nikachora mstari mwekundu 20:30. Huo ni wa kwangu. Kufika hapo nataka niwe nimesimama gatini naiona ngazi kwa macho.

Kisha nikaja juu. Kufunga gati 13:30 haina maana utashuka 13:30. Kuna kukaguliwa, kuna foleni, kuna wazee wenye fimbo mbele yako (na wewe ni mmoja wao). Nikaandika 14:15, kuwa nje. Safari ya boti yenyewe nikaitafuta ya 15:00. Safari nyingi za nyangumi huchukua saa 3 na nusu hivi pamoja na basi la kwenda na kurudi, kwa hiyo 18:30 tungekuwa tumerudi mjini. Kati ya 18:30 na mstari mwekundu kuna saa 2 za akiba.

Akiba hiyo si uoga. Meli zinafunga mjini chini ya mlima Roberts, lakini boti za nyangumi zinaondokea Auke Bay, yapata kilomita 20 kutoka hapo, nusu saa kwa basi. Barabara ya kurudi ni moja. Gari likipinduka barabarani, hakuna njia ya mchepuko ya kupitia Chang'ombe.

Kama meli yenu inakaa asubuhi, kwa mfano 07:00 hadi 16:00, hesabu ni ile ile, ila chukueni boti ya kwanza inayowaacha saa nzima ya kushuka. Boti ya mwisho ya siku, hata ikiwa nusu bei, mwachieni mwenyeji wa Juneau.

Angalieni pia ratiba ya bandari mtandaoni mjue siku yenu kuna meli ngapi na yenu inafunga gati gani. Tangu 2024 mji umejiwekea kikomo cha meli kubwa 5 kwa siku. Magati ni 4, kwa hiyo siku ikijaa, moja hutia nanga nje na abiria wakavushwa kwa boti. Kama ni yenu, ongezeni saa nyingine juu. Na gati linaloitwa AJ ndilo la mbali kabisa. Kutoka hapo hadi mahali pa kukutania ni mwendo wa robo saa na zaidi kwa miguu, au kuna basi dogo la kulipia.

Kuchagua boti

Msimu ni Mei hadi Septemba, na katikati yake ndiyo bora. Nyangumi wa pale ni wale wenye nundu, wanaofika mita 15 hivi na uzito wa tani 30 na zaidi. Wengi wao hukaa majira ya baridi Hawaii, wanazaa huko na karibu hawali kitu, kisha wanapanda Alaska kiangazi kula. Wanakula uduvi, yaani vikamba vidogo sana, na samaki wadogo waitwao heringi. Mnyama aliyekuja kula haondoki hovyo, na ndiyo sababu kampuni nyingi za Juneau zinathubutu kuahidi kukurudishia sehemu ya pesa usipoona nyangumi. Orka, wale weusi wenye mabaka meupe, huonekana siku nyingine na siku nyingine hawaonekani. Mtu akikuahidi orka, ondoka.

Boti ziko za aina mbili. Kuna kubwa za abiria mia na kitu, zenye choo, chai, dirisha kubwa na kipasha joto. Kuna ndogo za abiria 6, ambazo nahodha wake ana leseni lakini boti yenyewe haipiti ukaguzi ule unaofanyiwa zinazobeba wengi. Kati yake kuna za watu 12 hadi 30, na kwa maoni yangu hizo ndizo za wazee: mna nafasi ya kusimama upande wowote nyangumi anapotokea, na choo kipo. Bei nilizoona nyingi zilikuwa kati ya dola 130 na 200 kwa mtu mzima. Za watu 6 hupanda zaidi ya hapo.

Kabla ya kulipa, binti yetu aliwaandikia kampuni kadhaa maswali niliyompa. Je, basi la kwenda Auke Bay na kurudi limo ndani ya bei, na linapakilia wapi? Nyingi hupakia karibu na kituo cha magari ya kamba yanayopanda mlima Roberts, kwa hiyo huwezi kupotea, unafuata kamba. Je, mnafika mjini saa ngapi, si boti kufika gatini bali sisi kushuka basini? Je, kuna choo? Mnachukua watu wangapi siku hiyo, si wangapi boti inaweza kubeba? Na kubwa kuliko yote: meli ikiahirisha kufika Juneau kwa ukungu au hitilafu, tunarudishiwa pesa zote? Kampuni moja ililijibu hili la mwisho kwa aya ndefu isiyo na ndiyo wala hapana, tukaiacha. Tuliyoichagua ilijibu kwa mstari mmoja, ikaongeza jina la meli yetu na saa yake ya kuondoka bila sisi kuwatajia. Watu wanaofuatilia ratiba za meli unawajua hapo hapo.

Ulizeni pia kama wako kwenye mpango wa Whale SENSE. Ni mpango wa hiari wa kampuni zinazokubali kuwaangalia nyangumi kwa adabu zaidi ya sheria inavyodai. Sheria yenyewe ya Alaska inasema boti isimsogelee nyangumi mwenye nundu chini ya yadi 100, yaani kama mita 91. Nyangumi akikusogelea mwenyewe ni shauri lake.

Kwenye malipo, kadi za benki zetu zinafanya kazi, ila piga simu benki kabla: wafungue manunuzi ya mtandaoni na matumizi ya nje, na uulize kikomo cha siku. Chapisha risiti kwenye karatasi. Melini intaneti ni ya kulipia na simu yako ikijiunga na mtandao wa baharini unaweza kukuta deni la kukushangaza, kwa hiyo simu ikae kwenye hali ya ndegeni mpaka mshuke.

Mavazi, na darubini

Dodoma haifikishi milimita 600 za mvua kwa mwaka. Juneau inapita 1,500, na inanyesha hata kiangazi, ile mvua ya manyunyu isiyojua kukatika. Mchana wa Julai ni nyuzi 15 hadi 18 hivi, lakini boti ikikimbia upepo unapenya hadi mifupani. Msinunue vitu huko. Tulizunguka mitumba ya Sabasaba tukapata makoti ya mvua ya kweli, yenye kofia na zipu nzima, kwa bei ambayo binti alikataa kuiamini. Ndani vaa sweta, si shati la pamba. Mama Neema alivaa kitenge juu ya suruali ya kitambaa kizito na hakuna aliyemzidi kwa joto wala kwa picha alizoombwa kupiga.

Darubini moja inatosha wawili, yenye kukuza mara 8. Ya mara 12 ndani ya boti inatikisika mpaka unaona maji tu. Jizoezeni kabla. Mimi nilikaa barazani nikiwafuata mwewe wanaozunguka juu ya Makole: jicho limshike ndege kwanza, kisha darubini ije machoni bila kuinamisha kichwa.

Maji ya huko yamezingirwa na visiwa, hayana mawimbi makubwa ya bahari wazi. Hata hivyo mwenye tumbo jepesi anywe dawa ya kichefuchefu saa moja kabla ya boti, si baada ya kuanza kuumwa. Tangawizi ya kutafuna inasaidia pia.

Ukiwa majini

Usitafute nyangumi. Tafuta mvuke. Angalia mbali, kwenye mstari ambapo maji yanakutana na misitu, na utaona kitu cheupe kikiruka juu na kutawanyika. Manahodha nao wanaulizana redioni nani ameona nini, mazungumzo mafupi, majina ya mahali na namba, na nilifurahi kuwasikiliza kuliko mwongozaji.

Wa kwetu tulimfikia tukiwa bado tunafunga zipu. Nahodha alizima injini. Kwanza ilikuja sauti, kama breki za upepo za treni ya mizigo zikiachiwa, kisha harufu ya samaki walioharibika ikatufikia na upepo. Mgongo mweusi ukapita juu ya maji, pole pole, na kile kipezi kidogo juu ya nundu. Ukapita tena. Mara ya tatu mgongo ulijikunja zaidi, na mkia ukanyanyuka wote, maji yakichuruzika ukingoni, chini yake una mabaka meupe na mikwaruzo. "Baba Neema, piga picha!" Nilikuwa nimeshika darubini kwa mikono miwili.

Mkia ukinyanyuka hivyo, amezama kwa kina. Angalia saa yako. Mara nyingi ni dakika 5 hadi 10 ndipo atokee, na si lazima atokee palepale. Huu ndio muda wa kunywa chai na kubadilisha upande. Usiuache upite ukitazama picha kwenye simu.

Picha ya kutafuta ni ya upande wa chini wa mkia, kwa sababu mabaka yake hayafanani kati ya nyangumi na nyangumi. Binti alipiga moja nzuri. Kuna mradi unaoitwa Happywhale unaopokea picha hizo mtandaoni kutoka kwa mtu yeyote na kuzilinganisha na mikia inayojulikana. Akipatikana, unaambiwa ameshaonekana wapi na lini. Tumieni jina la mahali na saa sahihi mnapopeleka.

Mkibahatika mtaona kundi likila kwa pamoja. Wanazama, wanapuliza mapovu kuzunguka heringi mpaka samaki wanajikusanya katikati, kisha wote wanapanda midomo wazi. Shakwe ndio wanaotangulia kujua. Wakianza kujazana mahali pamoja wakipiga kelele, elekeza macho hapo.

Mkimaliza, nahodha na mwongozaji hupewa bakshishi, asilimia 10 hadi 20. Weka noti ndogo mfukoni tangu asubuhi.

Saa za akiba

Saa zile mbili zisiwatie tamaa ya kuongeza safari ya pili. Mendenhall, mto mzima wa barafu ulioko upande huo huo wa Auke Bay, unastahili kuonwa, lakini basi la mji halifiki mlangoni. Linakuacha zaidi ya kilomita 2. Ukitaka vyote viwili, tafuta kampuni inayouza nyangumi na barafu kwa tiketi moja, basi lake, saa zake. Sisi tulitembea ufukweni hadi karibu na daraja la Douglas, ilipo sanamu ya shaba ya nyangumi akiruka kutoka majini, ukubwa wake halisi, bure kabisa. Mwezi Juni jua linazama karibu saa 4 usiku, kwa hiyo usiusome wakati kwa mwanga. Utaona kuko kama alasiri ya Dodoma wakati ngazi inaondolewa.

Na kama mmechelewa

Shukeni na pasipoti zenu, si kopi. Shukeni na dawa za siku 2 na kadi ya benki. Gazeti la melini lina namba ya simu ya wakala wa meli pale bandarini. Iandikeni kwenye karatasi, si kwenye simu pekee. Mkiona mstari mwekundu umepita na bado mko barabarani, pigeni namba hiyo hapo hapo, msisubiri mpaka mfike gatini patupu. Wakala atawaambia bandari inayofuata ni ipi. Ketchikan na Sitka zina ndege kutoka Juneau. Skagway kuna ndege ndogo na kivuko, lakini si kila saa. Nauli, hoteli na chakula ni juu yenu, na bima ya safari ndiyo ya kuuliza mapema kama inalipia kuachwa na meli. Nyingi nilizosoma zinalipa sababu fulani tu, zimeorodheshwa kwa herufi ndogo ukurasa wa nyuma. Kasome huo ukurasa kabla hujalipia boti.